Arobaini ya Buibui Wangu

Mimi ni mtu wa kuhama. Nilizaliwa Matuga, nikasoma hadi kidato cha nne, na tangu siku niliyorudisha vitabu vya shule sikuwahi kukaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimefagia bustani za nyumba za wageni Diani, nimefunga mwani kwenye kamba kule Kibuyuni, nimeuza mbuzi kando ya barabara kuu pale Taru. Nikipazoea mahali naanza kupatamani nilipotoka, na nikirudi huko naanza kupatamani nilipopaacha. Kwa sababu hiyo begi langu la safari, la turubai la kijani, lilikuwa likining'inia daima kwenye msumari nyuma ya mlango, na ndani yake mlikuwa na shati na taulo ambavyo sikuvitoa hata siku za kufua.

Buibui nilimpata Taru. Tulikuwa tukichimba mashimo ya nguzo za boma la mbuzi, sururu yangu ikabomoa ukingo wa shimo lenye mdomo mpana kama wa kikombe, ndani limetandikwa utando mweupe mithili ya shuka. Akatoka mwenye nyumba. Alikuwa mkubwa kama kiganja changu na vidole vyake, ana manyoya, rangi yake ya kutu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akainua ya mbele juu, akatoa sauti ambayo sikujua kwamba buibui anaweza kuitoa: *shhhhh*, kama samaki anapotiwa kwenye mafuta ya moto. Wenzangu walikimbia. Mmoja alirudi na dumu la mafuta ya taa.

Mpaka leo sijui nilipatwa na nini. Nilichukua kopo la maziwa ya unga nikamfunika. Nilijiambia: huyu alikuwa na nyumba, na nyumba yake nimeivunja mimi. Niliposhuka Msambweni kupanga chumba, nilishuka na begi langu, kopo langu, na nusu gunia la udongo mwekundu wa Taru ili mgeni wangu asione tofauti.

Mwenye nyumba niliyempangia ni mama mmoja mjane aliyekuwa mkunga. Watu wengi wa mtaa ule wenye umri wa kuitwa mama na baba walipokewa na mikono yake. Siku hizi wanawake huzalia hospitali, naye amebaki na miwani yake, kuku wake, na mikono isiyo na kazi. Siku ya kwanza alipoona ninajaza udongo kwenye tangi la kioo la samaki, lenye nyufa mbili nilizoziziba, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapanda nini humo?"

"Sipandi, mama. Namfuga."

Alisogea, akavaa miwani, akamwona. Nilingoja ukelele.

"Kodi," alisema polepole, "tulipatana ya mtu mmoja."

"Huyu hatumii maji ya bomba, mama."

"Anakula nini?"

"Mende na nyenje."

Alifikiri. Mende wa jikoni kwake walikuwa maarufu. "Basi mwache akae," alisema. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita mwali, kwa sababu alishinda ndani ya shimo lake kutwa nzima kama msichana aliyewekwa ndani, na mtu akimshushia mende hutoa mguu mmoja tu, akauvuta mlo wake, basi. Nani alimwambia kwamba ni wa kike? Hakuna. Aliamua.

Ikapita miaka mitatu. Nilistaajabu nilipohesabu. Miaka mitatu mahali pamoja, na sababu ilikuwa ndani ya tangi la kioo: huwezi kumwachia mtu buibui wa namna ile, wala huwezi kuhamahama naye kwenye kopo. Kila nilipolitazama begi, nililitazama na tangi pia.

Ndipo mwaka huu akaziba mlango. Alifuma utando mzito kwenye mdomo wa shimo, akajifungia. Nilimtupia nyenje, nyenje akazeeka pale juu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Kisha asubuhi moja nikamkuta nje, juu ya udongo, amelala chali. Miguu minane imekunjwa juu.

Nilikaa kitandani. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga. Katika kila mahali nilipoishi kulitokea kitu kimoja cha kunitoa: mbwa aliyekufa, rafiki aliyehama, kazi iliyofungwa. Nikipoteza kitu sehemu, siwezi tena kukaa hapo. Kwa hiyo nilipomwona chali nilijua kwamba siku zangu za hapa nazo zimekwisha. Nilitoa jembe, nikaenda kuchimba kaburi dogo chini ya mpapai.

Jirani yetu, mtu wa bara aliyenunua shamba kwenye eneo la makazi na anayefuga kuku mia na kitu, alinikuta nachimba.

"Jirani, unapanda mhogo na hakuna mvua?"

"Buibui amekufa."

"Ile kitu? Pole sana." Alivua kofia, kwa dhati kabisa. "Sasa kutakuwa na ibada ama tunazika tu hivyo? Mimi naweza omba. Lakini sijui yeye alikuwa wa dini gani."

Mama mwenye nyumba akaita kutoka chumbani kwangu, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya kazi.

"Wee! Acha jembe! Njoo, na usimguse!"

Tulikimbia. Alikuwa ameinama, pua inakaribia kioo.

"Tazama mguu ule. Unavuta, unapumzika. Unavuta, unapumzika." Alinyanyua kidole kunyamazisha jirani. "Huyu hafi. Huyu yuko kwenye uchungu."

Tulikaa pale watatu, mpaka jua likawa juu ya paa. Gamba la mgongo lilifunuka kama kifuniko cha sufuria. Ndani yake akaanza kutoka buibui mwingine, rangi ya chai ya maziwa, ametota, akichomoa miguu mmoja mmoja kama mtu avuaye soksi zilizobana. Mwisho akalala pembeni mwa nguo yake ya zamani, mkubwa kuliko alivyokuwa, hajiwezi.

"Amejizaa mwenyewe," alisema mama, akakaa sakafuni.

Jirani aliweka kofia yake kichwani. "Basi nirudishe udongo kwa shimo?"

Tulicheka hadi kuku wakanyamaza.

Makosa yetu yalianza palepale, na yalitokana na furaha. Kwetu mwanamke akijifungua hakai na njaa hata dakika. Hupewa uji wa moto wenye pilipili manga, huwekewa jiko la makaa karibu na kitanda, huchomewa ubani, hufungwa mkaja tumboni, na kwa siku arobaini kazi yake ni moja tu: kula. Nakumbuka mama yangu pale Matuga alipomzaa mdogo wangu wa mwisho. Nyumba nzima ilinuka pilipili manga na mafuta ya nazi. Mimi nilikuwa nikijipenyeza nyuma ya pazia nimalizie uji aliobakisha, naye alikuwa akibakisha makusudi. Harufu ile ndiyo nyumbani kwangu. Nimeitafuta katika wilaya ngapi!

Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliponiambia, "Mzazi huyu anataka nguvu," sikubisha. Kabla ya adhuhuri jiko la makaa lilikuwa kando ya tangi. Ubani ulikuwa ukifuka. Ndani ya kifuniko cha chupa ya soda palikuwa na uji.

"Mama, buibui hanywi uji."

"Umemwuliza?"

Mimi nami nikafanya langu. Nikamtafutia nyenje watatu wanene, nikawaachia ndani hai, maana siku zote huwala hai.

Kesho yake hakuwa amegusa kitu. Kesho kutwa, sisimizi. Walifuata uji kwa mstari kutoka dirishani, wakapanda mguu wa meza, wakapenya kwenye ufa mmoja niliodhani nimeuziba. Nilipofika wa mbele walikuwa wamebakiza udongo wa upana wa kiganja kumfikia. Niliwapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasimamisha miguu ya meza ndani ya makopo manne ya maji. Ndipo nikaona jambo baya zaidi. Nyenje mmoja alikuwa amesimama juu ya mguu wa buibui wangu, anautafuna. Naye, yule aliyeisimamia sururu kule Taru, alijikunja tu. Hakutoa hata ile sauti yake. Penye jeraha palitokea tone dogo, majimaji ya rangi ya samawati hafifu.

Nilimtoa nyenje yule kwa kijiti cha ufagio nikamtupa kwa kuku bila hata kumuaga.

"Mbona hapigani?" mama aliuliza. Uso wake ulikuwa umeshuka. "Mwali wangu hakuwa mnyonge."

Siku ile nilitoa taulo kwenye begi, nikalifua, nikalirudisha. Mtu anayenijua angeelewa maana yake.

Siku ya tano nilitandika gazeti mezani nikaweka lile gamba alilolivua, nilikunjue kabla halijakauka kabisa. Nilitaka angalau nibaki na kumbukumbu. Lilikuwa na kila kitu: miguu minane, manyoya, hata vioo vidogo vya macho. Mama alilichukua, akaligeuza chini ya miwani kwa vidole vilevile vilivyokuwa vikigeuza vichwa vya watoto tumboni.

"Hebu nitazamie hivi ni vitu gani."

Ilikuwa miiba miwili, myeusi, imepinda kama makucha ya paka.

"Ni meno yake, mama."

"Yake ya kinywani?"

"Ndiyo."

"Yametoka pamoja na nguo?"

Tulitazamana. Tulikwenda kwenye tangi wote wawili, nikamulika kwa simu. Alikuwa ameegemea kioo na tumbo lake tukaliona vizuri. Palipokuwa na ile miiba myeusi sasa palikuwa na vitu viwili vyeupe, laini, kama punje za mchele uliolowekwa.

"Yaa Rabi," alisema mama. "Mtoto mchanga! Tunamwekea nyama ngumu mtoto mchanga, na nyama yenyewe inamwuma!" Akaanza kujipiga paja kwa kucheka, kisha akafuta macho. "Miaka yote hiyo nazalisha watu. Nilimtazama mama nikamsahau mtoto, kumbe wote ni mmoja."

Aliondoa jiko. Aliondoa ubani na uji. Alileta kanga kuukuu akalifunika tangi pande tatu, akatangaza sheria: hakuna kelele, hakuna mgeni, hakuna kumlisha mpaka meno yake yaive. Niliruhusiwa kumwekea maji kwenye kifuniko, safi, kila asubuhi. Alasiri, baada ya yeye kuswali, tulifunua ncha ya kanga tukakagua.

Siku zile zilikuwa na raha yake. Nilijikuta nawahi kurudi kutoka kazini, ninakofyeka nyasi za shamba la shule, ili nisikose ukaguzi. Meno yalitoka meupe yakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha ya chai ya rangi, kisha ya kahawa. Jirani alikuwa akiulizia kwa kupiga kelele ng'ambo ya ua.

"Jirani! Imefika kahawa?"

"Nyamaza! Kuna mzazi!"

"Sawa, pole!" anajibu, kwa sauti ileile.

Siku ya kumi na nne meno yalikuwa meusi kama ya zamani. Tulimshusha mende mmoja mdogo, niliyemponda kichwa, tukamweka mlangoni pa shimo, alikokuwa amekwisha kurudi. Tukafunika. Asubuhi mende yuko palepale. Nikabadilisha. Hakugusa. Nikajaribu nyenje, nikajaribu panzi. Siku ya kumi na nane, ya ishirini, ya ishirini na nne. Tumbo lake, lililokuwa mviringo kama komamanga, likaanza kukunjamana. Kabla ya hapo alikuwa hajala wiki nne akiwa amejifungia, kwa hiyo ukijumlisha alikuwa kwenye mfungo ambao hakuna mja angeuvumilia.

Ni wakati huohuo simu ilipolia. Mwenzangu wa zamani wa Kibuyuni: mwani umeshika bei, wanataka mtu anayejua kufunga kamba, niende mwisho wa mwezi.

"Utakuja au vipi?"

Nilitazama kanga ile. "Nina mgonjwa," nikamwambia. "Nitakujulisha akila."

"Na asipokula?"

"Asipokula, nitakuja."

Sikujua kwamba mama alikuwa ukumbini akichambua mchele. Alisikia yote. Chakula cha siku ile alinipakulia kingi mno, akaniketia mbele mpaka nikakimaliza.

Kesho yake aliniita. "Mwanangu, tumekosea tena. Mzazi akiogopeshwa chakula, hukichukia. Wale nyenje walimwuma. Kila unachomletea kina miguu na kinanuka nyenje. Mimi wanawake wa namna hiyo nilikuwa nikiwabadilishia. Kitu laini, kinono, ambacho hajapata kukiona."

"Kitu gani, mama?"

Hakujua. Lakini jirani, aliyekuwa anasikiliza ng'ambo ya ua bila kujificha, alijua. "Subirini," alisema.

Nyuma ya mabanda yake kulikuwa na mnazi ulioanguka miaka mingi iliyopita, umeoza. Alikuwa akiupasua kwa shoka awape kuku wadudu waliomo. Alirudi na sahani ya bati yenye funza wa gogo la mnazi: mweupe, mnene kama kidole gumba, amejipinda, kichwa chekundu, mwili wote mafuta.

"Kuku wangu wanaua ndugu zao juu ya hii kitu," alisema. "Kama hiyo yenu itakataa hii, basi mimi nitaikula."

"Ushahidi tunao," alisema mama.

Nilimponda funza kichwa asije akauma mtu, nikamshusha kwa vijiti viwili vya ufagio mpaka mlangoni pa shimo. Mama alishusha kanga upande wa nne, ikawa giza ndani. Tukatoka. Ilikuwa alasiri. Tulikaa barazani tukijifanya tunazungumza habari za bei ya unga. Mama alikuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji. Jirani alisimama, akakaa, akasimama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni: leo akikataa, kesho nashusha begi.

Mama alipomaliza nazi ya pili aliinuka bila kusema, tukamfuata. Alishika ncha ya kanga kwa vidole viwili. Akafunua.

Funza hakuwepo. Udongo ulikuwa na alama ya kuburutwa, na ndani ya shimo, kwenye kivuli, tuliona mgongo wa rangi ya kutu ukipanda na kushuka taratibu, kama mtu anayetafuna kwa adabu.

Jirani akapiga makofi. Hapo hapo, kutoka shimoni, ikaja: *shhhhhhhh!* Miguu miwili ikainuka, meno meusi yakametameta kwa mafuta ya funza.

"Eti!" mama akapiga kelele, mikono kiunoni. "Unanifokea mimi? Mimi niliyekuzalisha? Kumbe mdomo unao siku zote!"

*Shhhhhh!*

"Haya, kula, kula. Samahani, bibi wee." Akashusha kanga, kisha akapiga kigelegele kirefu kilichowatoa majirani wa nyumba tatu, wakaja kuuliza nani amejifungua. Tuliwaambia. Wengine waliondoka wakitikisa vichwa. Wengi walibaki.

Siku ya arobaini mama alipika wali wa nazi na kuku wawili wa jirani. Watu walikula uani, wakapanga mstari kumtazama mzazi, na mzazi akawaonyesha mguu mmoja. Gamba lake la zamani nililibandika kwenye ubao, likaning'inizwa ukumbini karibu na kalenda, na kila mgeni alilikimbia kwanza kabla ya kucheka.

Jioni ile, wakati vyombo vinaoshwa, nilikumbuka Kibuyuni. Nilikuwa nimeahidi jibu. Niliingia chumbani nikanyoosha mkono nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama! Hujaliona begi langu?"

"Liko huku nyuma, kivulini," alijibu bila kugeuka. "Nilihitaji kitu chenye zipu."

Nilikwenda nyuma. Begi lilikuwa limejaa hadi juu vipande vya mnazi uliooza, vimenyunyiziwa maji. Nilifungua zipu kidogo. Mlinuka msitu baada ya mvua. Nikachimbua kwa kidole, na funza mmoja akajigeuza ubavu, mnene, ametulia kabisa. Chini yake mwingine. Chini zaidi, wengi.

"Shati na taulo nimevianika," mama aliita. "Na usiwatikise. Wa mwisho, jirani anasema, hataiva mpaka mwaka kesho."

Nilifunga zipu taratibu, nikasogeza begi jua lisilifikie, nikaingia ndani kupiga simu.